Kwa Pua ya Mke Wangu

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kunusa. Nilipowaambia watu hivyo walicheka, na sikuwalaumu, maana kwetu Bodo mwanamume huulizwa anavua wapi au analima nini, haulizwi ananusa nini. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Niliajiriwa katika duka la manukato Ukunda, karibu na njia panda ya kwendea Diani, na kila chupa mpya iliyoingia dukani ilipita kwanza puani mwangu.

Mwenye duka alikuwa mama mjane aliyeachiwa biashara na marehemu mumewe. Mimi nilimwita Bi Mkubwa, na yeye aliniita mwanangu. Alijua kununua na kuuza, alijua kuzungumza na watu wa kila namna, lakini mwenyewe alikiri kwamba kwake manukato yalikuwa ya aina mbili tu, yanayomuumiza kichwa na yasiyomuumiza. Siku niliyokwenda kumwomba kazi ya kufagia na kupanga rafu nilimkuta ameshika vichupa viwili vya mafuta ya udi, kimoja halisi na kimoja cha kughushi, na amesahau kipi ni kipi. Nilinusa, nikamwambia. Akavificha mgongoni, akavichanganya, akanipa tena. Nikamwambia tena. Hakunipa ufagio.

Sikuwa nimefundishwa na mtu. Mama yangu alikuwa akipika udi wa kuuza, ule wa sukari unaotiwa kwenye chetezo kufukizia nyumba na nguo, na mimi nilikulia jikoni mwake. Nilikuwa nikisikia sukari inataka kuungua kabla yeye mwenyewe hajaisikia, akanizoea, akawa ananiweka karibu na sufuria wakati yeye anaswali.

Wauzaji wa jumla walikuja kutoka Mombasa na chupa za majaribio, na kila chupa nilipewa siku tatu. Marashi haya ya kisasa ya kiume, yanayotoka katika majumba makubwa ya mitindo ya Ulaya, yametengenezewa watu wa baridi. Mtu wa huko hujinyunyizia asubuhi akavaa koti, na harufu humtoka kidogo kidogo mpaka jioni. Huku kwetu jua la saa nne huyachemsha yote kwa mara moja. Kwa hiyo nilikuwa na utaratibu wangu. Siku ya kwanza nilinusa kwenye kikaratasi, kisha kwenye kifundo cha mkono. Siku ya pili niliyavaa nikaenda nayo sokoni na kurudi kwa miguu, nitoke jasho, nipite penye samaki na penye moshi wa mishikaki, nione kama yatastahimili. Siku ya tatu niliinusa shati niliyoilalia. Halafu niliandika ukurasa mmoja kwa Kiswahili: kichwa, yaani kile kinachokujia kwanza, moyo, kile kinachobaki baada ya saa moja, umri, yanadumu kwa muda gani, na mkia, yanamfuata mtu kwa hatua ngapi akishapita. Bi Mkubwa alisoma ukurasa ule akaamua kununua au kutonunua, na sikumbuki hata mara moja aliyobishana nami.

Sikuwa mtu wa majivuno katika mambo mengine, lakini katika hilo nilijiona. Nilioa kwa kazi ile. Mke wangu ni mtu wa Kikoneni, mtoto wa wakulima, na wakati huo alikuwa akifua katika hoteli moja ya Diani. Alikuja dukani kutafuta zawadi ya arusi ya rafiki yake, na nilipomwambia kabla hajasema neno kwamba ametoka kupiga pasi mashuka yaliyotiwa dawa ya kung'arisha, alinitazama kama mtu aliyefunguliwa barua yake.

Homa ilinishika wiki chache kabla ya Ramadhani. Ilikuwa homa ya kawaida, mwili kuuma na kichwa, siku nne tu. Mke wangu, ambaye alikuwa na mimba ya miezi mitano, alinichemshia majani ya mkaratusi akanifunika blanketi juu ya sufuria nijifukize. Siku ya nne nilimuuliza kwa nini siku hiyo ameninyima majani, ameniwekea maji matupu. Akasema majani yamo. Niliinamisha uso mpaka mvuke ukaniunguza pua na midomo. Majani niliyaona kwa macho yangu, yanaelea. Sikusikia chochote.

Mke wangu alisema ni mafua, yatapita. Mimi pia nilisema hivyo. Homa iliisha, nguvu zikarudi, nikarudi kazini, lakini pua haikurudi. Sikumwambia Bi Mkubwa. Nilijiambia nitamwambia wiki ijayo ikiwa bado, na wiki ijayo nikajiambia vilevile. Dukani niliweza kujisitiri kwa muda, kwa sababu kila chupa niliijua mahali pake na tabia yake. Mteja akitaka kitu chepesi cha kuvaa ofisini nilinyoosha mkono nikampa, akinusa akafurahi, nami nikatikisa kichwa kama tunakubaliana. Nilikuwa kama mtu anayewatembeza wageni nyumbani kwake taa zikiwa zimezimwa.

Kisha ikaja ile chupa.

Ramadhani ilikuwa imeshaingia. Chupa yenyewe ilikuwa ya buluu iliyokolea, karibu nyeusi, na kifuniko chake kilijifunga chenyewe kwa sumaku kwa mlio mdogo ambao wateja walipenda kuurudia. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa halina kosa. Vijana walikuwa wameyaona marashi hayo katika simu zao, na kila siku alikuja mmoja kuyaulizia. Muuzaji alitaka Bi Mkubwa achukue mzigo mkubwa kabla ya Idi. Bi Mkubwa alinusa, akasema hayamuumizi kichwa, akanikabidhi.

"Haya siwezi kuyakisia," alisema. "Niandikie, mwanangu. Nitafanya utakavyosema."

Nilikwenda nayo nyumbani. Niliketi kwenye mkeka nikajinyunyizia kifundoni. Nilisikia ubaridi wa spiriti, nikaona ngozi imelowa, kisha imekauka, basi. Nilinyunyizia mkono wa pili. Nilisoma kwenye simu yale wanayoandika watu wa Ulaya: bergamoti, pilipili, lavenda, ambari. Ningeweza kuyanakili, lakini kurasa zangu hazikuwa orodha, na Bi Mkubwa angejua kwamba hayo si maneno yangu. Mke wangu aliporudi kutoka kazini, baada ya kufuturu, nilimnyooshea mkono.

Aliuliza atafute nini. Nilimwambia asitafute kitu, aniambie kinachokuja.

Alifumba macho. Alikuwa mzito wa kusema, na kwa mazoea yangu ya haraka nilitaka kumhimiza, nikajizuia. Mwanzo alisema anasikia ndimu, lakini si ndimu ya kuchuma, ni ndimu iliyooshwa kwa sabuni. Kisha akasema kuna kitu kinachowasha, kama mtu ametafuna pilipili manga karibu naye. Halafu akafumbua macho akacheka.

"Hiki ni chumba cha wageni saa nne asubuhi," alisema.

Nilimwomba anieleze. Akasema anapoingia kuchukua mashuka, mwanamume ameshaoga ameshuka pwani, mataulo yako chini na kioo bado kina mvuke, na harufu inayobaki ndani ndiyo hii. Awe Mjerumani, awe Mwitaliano, awe mtu wa Nairobi aliyekuja na familia yake, ni hii hii. Alisema zamani alidhani ni sabuni ya hoteli, akashangaa kwamba sabuni yenyewe hainukii hivyo.

Tuliyapima kwa siku tatu, kwa utaratibu wangu, ila kwa pua yake. Niliyavaa nikaenda sokoni na kurudi, na jioni alikuja moja kwa moja kutoka kazini akaninusa shingoni, kifuani, mikononi, polepole, kisha akasogea nyuma hatua moja, mbili, tatu, kupima mkia, akiwa ameshika tumbo lake kwa mkono mmoja. Tulikuwa na miaka mitatu ya ndoa na hatukuwahi kukaa vile. Nikiulizwa ni siku zipi njema za maisha yangu nitataja hizo, na naona haya kwamba zilikuwa siku za udanganyifu.

Siku ya pili alisema jambo ambalo mimi nisingelisema.

"Hayabadiliki. Asubuhi ni yaleyale, mchana ni yaleyale, na sasa ni yaleyale ila yamechoka. Udi wa mama ukiungua hupitia mambo mengi. Haya yamesimama tu."

Asubuhi ya tatu aliinusa shati kwa muda mrefu. Akasema iliyobaki ni harufu ya ufunguo ulioshikwa mkononi siku nzima, na kwa mbali sana kitu kitamu, kama watu wa nyumba ya tatu wanakaanga korosho. Nilimuuliza kama ni mazuri.

"Mazuri," alisema. "Kijana akipita nayo, msichana atageuka. Lakini akigeuka hatajua ni nani aliyepita, kwa sababu wote wananukia hivyo."

Niliandika kama alivyosema, neno kwa neno, kwa mkono wangu.

Bi Mkubwa alisoma ukurasa ule amesimama. Alirudia kuusoma, akanitazama juu ya miwani, akaukunja akautia kwenye mkoba wake badala ya kuubandika kwenye faili. Alichukua nusu ya mzigo ule. Kabla ya Idi chupa zote zilikuwa zimekwisha, zikichukuliwa na wahudumu wa hoteli na vijana wa ufukweni, na watu wa bara waliohamia Ukunda ambao walijinyunyizia hapohapo mlangoni wakaambiana iko poa. Baada ya Idi nilimwandikia kurasa nyingine mbili za manukato mengine, zote kwa njia ileile. Nilianza kuamini kwamba mambo yanaweza kuendelea hivyo.

Walioniumbua walikuwa kamba wa baharini. Asubuhi moja Bi Mkubwa alinunua kamba wabichi njiani, akautundika mfuko kwenye msumari wa stoo nyuma ya kiti changu, akaitwa benki, akausahau. Siku hiyo umeme ulikatika na feni zilisimama. Nilikaa mbele ya mfuko ule tangu saa tatu hadi saa nane. Wateja waliingia wakatoka upesi, nami nikadhani biashara ni mbaya. Mwanamke mmoja aliingia akaniuliza kama niko sawa. Nilimjibu kwamba niko sawa, alhamdulillahi.

Bi Mkubwa aliporudi alisimama kizingitini, akaziba pua kwa ushungi wake. Alipita, akatungua mfuko, akatoka nao nje kwa mkono ulionyooka, akarudi akafungua madirisha yote. Nilimwambia nina mafua. Akasema pole.

Siku mbili baadaye, Ijumaa, niliporudi kutoka msikitini nilikuta ameshafunga mlango wa mbele. Alikuwa ameketi kwenye meza ya nyuma na kikaratasi cha kunusia mkononi, kimelowa ncha. Alisema muuzaji ameleta mzigo wa pili wa yale marashi ya chupa ya buluu na anashuku si sawa na ule wa kwanza. Alitaka nimwambie tofauti.

Nilikipokea kikaratasi. Nilikipitisha chini ya pua kama nilivyozoea, nikafumba macho, nikangoja kidogo, nikakipitisha tena. Nakumbuka nilivuta pumzi ndefu. Nilisema yamefanana, ila haya ya pili yana pilipili zaidi mwanzoni, na ile ndimu yake imepungua. Nilisema nadhani ni kiwanda kingine, lakini si ya kughushi.

Bi Mkubwa alinyoosha mkono chini ya meza akatoa mrashi wake wa fedha, ule wenye shingo ndefu wa kunyunyizia watu kwenye maulidi, akauweka mbele yangu.

"Ni marashi ya waridi, mwanangu," alisema.

Marashi ya waridi anayajua hata mtoto wa chuo cha Kurani. Tunanyunyiziwa tukiwa tumepakatwa, tunanyunyiziwa arusini, na sanda zetu hunyunyiziwa. Nilikishika kikaratasi kile, na bila ya kutaka nikakinusa tena.

Aliuliza tangu lini. Nilimwambia tangu kabla ya mfungo. Akahesabu moyoni, nikaona anahesabu, akauliza ule ukurasa wa marashi ya buluu aliuandika nani. Nilimwambia mkono ni wangu na pua ni ya mke wangu.

"Ndio mzuri kuliko zote ulizoniandikia," alisema, na hakusema kwa nia ya kuniumiza. Baadaye nilifikiri sana kwamba hakuwa na nia hiyo. Alikuwa mfanyabiashara anayesema lililo kweli.

Alinipa mshahara wa mwezi ule na wa mwezi uliofuata, akaniambia niende hospitali, na pua ikirudi nirudi. Nilimwachia funguo. Alinisindikiza hadi mlangoni, akanisomea dua.

Daktari wa Msambweni alikuwa kijana mpole. Alinichunguza, akanieleza kwamba mishipa ya kunusia imeumia, na kwamba wengine hupona kwa miezi, wengine kwa mwaka au zaidi, wengine hawaponi, na hana njia ya kujua mimi ni yupi. Hakukuwa na dawa ya kumeza. Alinifundisha zoezi: nitie vitu vinne katika vichupa vinne, karafuu, ndimu, waridi na mkaratusi, ninuse kila kimoja asubuhi na jioni, na nikinusa nijitahidi kukumbuka. Nilifanya kama alivyosema. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikanusa karafuu nikiikumbuka karafuu. Kukumbuka niliweza sana. Ilipofika miezi sita niligundua kwamba hata kumbukumbu inafifia, kwamba ninalikumbuka neno karafuu na umbo la karafuu, na lile jambo lenyewe silipati.

Binti yetu alizaliwa siku za mvua. Shangazi zake walimpokezana, kila mmoja akamnusa utosini akafumba macho, kama watu wafanyavyo. Mimi pia nilimnusa. Alikuwa na joto. Ndilo ninaloweza kusema.

Msimu wa wageni ulikuwa umekwisha na hoteli ikawapunguza wafuaji, mke wangu akiwa miongoni mwao. Alipotimiza siku arobaini za uzazi, Bi Mkubwa alikuja kumtazama mtoto. Alileta nguo za mtoto na tambi, akala, akazungumza na mama yangu aliyekuwa amekuja kutoka Bodo kusaidia. Kabla hajaondoka alimwambia mke wangu, mbele yangu, kwamba duka halina pua, na kama atapenda aje. Alimwomba radhi kwa kusema wazi, na akaniomba radhi mimi pia.

Mke wangu alikataa. Alipotoka mgeni nilimwambia akubali. Akasema hawezi kukaa kwenye kiti changu. Nilimwambia kiti si changu tena, na mtoto anahitaji kula. Tulibishana siku mbili, na mimi ndiye niliyebisha kwa nguvu zaidi, na siku ya tatu alipokubali nilitoka nje nikakaa nyuma ya nyumba kwa muda mrefu.

Mama ndiye aliyenifuata. Alikuwa ameshajua habari ya pua yangu bila kuambiwa, tangu Idi, aliponifukizia kanzu nami nikasimama juu ya chetezo kama mti. Alikaa kando yangu. Aliniambia kwamba baba yake alipoacha kuona alilia mwaka mzima kisha akaacha, na nilipomuuliza kwani aliona tena, akasema hapana, alichoka kulia tu.

Nilipata kazi katika duka la vifaa vya ujenzi, hapohapo Ukunda. Nauza saruji, misumari, rangi na spiriti ya kuchanganyia rangi. Wenzangu wakifungua madebe ya rangi hulalamika vichwa vinawauma, nami huitwa. Tajiri wangu husema nimeumbwa kwa kazi hii.

Mwanzoni mke wangu aliporudi jioni alinieleza siku yake. Alinyoosha mkono wenye harufu tatu au nne, akaniambia hapa kuna hiki, hapa kuna kile, na nilimsahihisha utaratibu wake, nikamwambia asinuse vitu vitatu bila kutoka nje kupunga hewa. Alinisikiliza. Baadaye alijua zaidi kuliko nilivyojua mimi. Sasa huandika kurasa zake mwenyewe, na wauzaji kutoka Mombasa humwamkia yeye kabla ya Bi Mkubwa. Maelezo ya jioni yalipungua yakaisha. Hatukugombana. Anachoka, na ni kazi ngumu kumweleza mtu jambo ambalo kila siku unamweleza na kila siku hana la kujibu.

Mimi huoga mara tatu kwa siku. Naogopa kwamba nanuka na sijui. Nikikaa na watu hukaa upande unakoelekea upepo, na mtu akigusa pua yake moyo wangu hushtuka. Mke wangu ameniapia mara nyingi kwamba sina harufu mbaya, na namwamini kwa muda wa saa moja. Chakula nakula kwa sababu ni wakati wa kula. Mara mbili nimekunywa maziwa yaliyoharibika. Mara moja nilibandika maji, moto wa gesi ukapeperushwa na upepo ukazimika nami sikujua, na mke wangu alipofungua mlango alimnyakua mtoto kwanza, akakimbia naye nje, kisha akarudi kufunga gesi. Hakunigombeza. Lakini tangu siku hiyo mtoto hulelewa kwa jirani sisi tukiwa kazini, hata siku ambazo mimi nina mapumziko.

Mama alifariki mwaka jana, katika usingizi, Bodo. Nilimbeba, nikateremka kaburini kumpokea pamoja na wajomba zangu. Baada ya hitima dada zangu wawili walifungua sanduku lake kugawana nguo. Mimi nilikuwa mlangoni. Kifuniko kilipoinuka wote wawili walipiga kelele mara moja, kama mtu ametoka humo ndani. Mkubwa alijifunika uso kwa leso ya mama akaanza kulia na kusema yuko, bado yuko, jamani mama yuko humu. Kisha akanikumbuka. Alinyamaza, akainuka, akaniletea leso ile akanipa mikononi. Nadhani alitaka nijaribu. Niliiweka usoni mbele yao, nikavuta pumzi. Ilikuwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa mara nyingi, laini. Nilimshukuru nikamrudishia. Walizigawana wao, na nilipoambiwa nichague nikachukua redio.

Sasa ni mwaka wa nne. Mwezi uliopita nilirudi Msambweni, na daktari, ambaye si yule wa kwanza, alisoma kadi yangu akaniuliza kama bado nafanya zoezi. Nilimwambia asubuhi na jioni. Akasema si vibaya kuendelea, na sauti aliyosema nayo niliielewa.

Vichupa vile vinne viko dirishani chumbani. Wiki iliyopita mke wangu alikuwa akipika pilau ya wageni, ndugu zake wa Kikoneni, na karafuu zilimwishia katikati ya mapishi. Aliingia chumbani, akasimama dirishani, akaniuliza bila kugeuka.

"Nichukue?"

Nilimwambia achukue. Akamimina zote kiganjani akaenda nazo jikoni. Wageni walisifu sana chakula kile. Kaka yake mkubwa aliongeza sahani, akaniuliza mimi naionaje pilau ya dada yake leo. Nilisema ni ya moto.